Gari Waliyoijaza Maji Nikiwa Ndani

Maji yalikuwa yamenifika kifuani wakati Bwana Kabuti alipoinama nje ya kioo na kuniuliza ni nani aliyeniruhusu kukalia kiti cha memsabu na overoli chafu.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mjini Nakuru, jua kali, vumbi jeupe likipita barabarani kama kawaida yake. Nje hapakuwa na tone la maji. Maji yote yalikuwa ndani ya gari ndogo, pamoja na mimi. Mpira wa maji ulikuwa umeingizwa kwa kile kidirisha kidogo cha pembe tatu, na bado ulikuwa unamwaga. Milango ilikuwa imepakwa lami kwa nje, haifunguki. Vishikio vya ndani, vya kufungulia mlango na vya kuteremsha kioo, nilikuwa nimevitoa kwa mkono wangu na kuvipanga vizuri juu ya benchi. Niliviona pale kupitia kioo, vinang'aa.

Nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya gari, chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa nje.

Nitawaeleza tulifikaje pale, na wahusika nitawataja majina. Watu wananiambia, "Nathani, ni miaka mingi, wacha hiyo maneno." Siwachi. Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti, lakini mdomo haujaacha.

Gereji yetu ilikuwa ya mzungu tuliyemwita Bwana Kabuti, kwa sababu hakuvua koti lake hata Februari. Alikuwa anajua injini. Habari ya maji hakuijua. Foreman wake alikuwa Zakayo. Huyo Zakayo zamani alikuwa anaziba sufuria na madebe pale sokoni, na ninyi mkimtafuta kwa jina la baba yake hamtampata, ulizeni Zakayo Sufuria. Bwana alimtoa sokoni aje azibe rejeta, na sitasema uongo, rejeta alikuwa anaiziba mpaka unaona aibu kuipaka rangi. Basi akapandishwa cheo. Lakini macho yake yalibaki yale yale ya sokoni. Kila kitu duniani, kwake, kilikuwa sufuria.

Mtu wa tatu ni Obadia, aliyekuwa akikaa mferejini. Kazi yake ilikuwa kufungua maji na kufunga, kuosha magari, na kutii.

Sasa ile gari. Ilikuwa ya memsabu mmoja wa Mau Narok, mwenye shamba la ngano. Gari ndogo, kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoganda, imetengenezwa kabla ya vita. Mau Narok mnaijua: asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni ukungu tena. Ile gari ilikuwa inakunywa mvua kama ng'ombe. Siku ya kwanza aliyoileta tulifungua mlango wa abiria tukakuta ngano imeota kwenye kapeti. Si utani. Alikuwa amebeba magunia ya mbegu, nyingine zikamwagika, kapeti ikakaa na maji wiki mbili, na ngano ikajua kazi yake. Kijani, urefu wa kidole.

Zakayo aliitazama kwa muda. "Memsabu," akasema, "hii iko karibu kupaliliwa."

Memsabu hakucheka. Alikuwa na mbwa mkubwa, na mbwa huyo alisafiri amesimama juu ya kiti, miguu yote minne, kichwa kinagusa paa, kwa sababu alikataa kukanyaga chini penye maji. Nikikumbuka vizuri, kwenye habari hii yote ni mbwa huyo peke yake aliyekuwa na akili.

Mara ya kwanza kazi nilipewa mimi, na niliiharibu mimi. Hapo simtaji mtu mwingine. Niliichunguza gari nikaona maji yanadondoka chini ya milango, kwenye vitundu vidogo. Nikafurahi. Nikasema, kumbe ni hapa! Nikaviziba vyote kwa lami, vizuri, na kitambaa juu. Memsabu akaenda. Baada ya siku chache akarudi, na gari ilipokata kona kuingia kwetu milango ililia *gwash, gwash*, kama vibuyu vya maziwa. Ilikuwa imejaa maji mpaka karibu na vioo.

Sikilizeni hapa, maana hii ndiyo mali niliyonayo. Mlango wa gari haukuumbwa kuzuia maji. Kioo kinapanda na kushuka, na mvua inashuka nacho, inaingia tumboni mwa mlango. Vile vitundu vya chini ndivyo njia yake ya kutokea. Ukiona maji yanatoka hapo, shukuru Mungu. Chukua waya, vichokoe, toa matope, viache wazi. Fundi anayeziba vile vitundu ni kama daktari anayekuziba pua kwa sababu una mafua.

Hayo nilikuja kuyajua nikiwa nimechelewa.

Mara ya pili Zakayo mwenyewe alishika kazi. Alipaka lami kila mahali palipokuwa na mstari. Gari ikaenda, ikarudi. Ngano haikuota safari hii, lakini memsabu alikuwa amevaa gambuti ndani ya gari.

Mara ya tatu alizungumza na Bwana Kabuti uwanjani, sisi tukisikia. Alimwambia Jumamosi atakuja kuichukua, na kama bado inavuja, basi trakta zake zote na lori zake zote zitakwenda gereji nyingine. Bwana akawa mwekundu. Memsabu alipoondoka, Bwana alitugeukia. Akasema kwa kile Kiswahili chao, "Hii gari navuja Jumamosi, mtu moja nakwenda nyumbani kabisa. Hii gari hapana vuja, Nathani mimi naandika yeye fundi."

Lazima mjue neno hilo lilikuwa na uzito gani kwangu. Nilikuwa kibarua wa gereji. Kibarua hakupewa chumba, wala ruhusa ya kukaa na mke mjini. Nililala lokesheni, mtaa wa Waafrika, na wanaume wengine watatu, na kona yetu moja ilikuwa na pazia la gunia, na nyuma ya pazia alikuwa mke wangu, Rispa, mwenye mimba ya miezi saba, amefichwa kama pombe. Askari wa lokesheni wakipita, alipanda kitandani akajifunika, na mmoja wetu akawaambia ni ndugu yake mgonjwa wa surua. Tulikuwa tumeugua surua miezi minne. Mtu aliyeandikwa fundi alipewa chumba chake na mlango wake. Na zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Mtu asiye na barua nzuri ya kazi hakutembea mjini, alitembezwa.

Kwa hiyo Zakayo angeniambia niingie ndani ya rejeta, ningeingia.

Asubuhi ya Jumamosi alinikuta nimefungua mbao za ndani za milango, nimetoa vishikio, natafuta njia ya maji. Akasimama juu yangu, mikono nyuma.

"Wewe Nathani. Sufuria ikivuja, unafanya nini?"

"Naiziba."

"Kabla ya kuziba, mjinga."

"Natafuta tundu."

"Unatafuta namna gani?"

"Naijaza maji, naangalia chini."

Akaonyesha gari kwa kidevu. Nikaelewa. Nikaogopa.

"Lakini foreman," nikasema, "mvua hainyeshi ndani ya gari. Inanyesha nje."

"Maji iko na akili? Tundu ni tundu. Pale inaingilia, ndio pale inatokea."

"Kweli," Obadia akasema kutoka mferejini. "Hata kanisani, mlango ni ule ule."

Zakayo alikuwa na mpango kamili. Milango tunajua inavuja, akasema, hiyo si habari, kwa hiyo tuizibe kwa nje na lami ili isitudanganye. Vizibo vya mpira vya sakafuni pia, lami kwa chini. Halafu tujaze. Tundu lolote lililobaki, hilo ndilo mwizi. Na ndani lazima akae mtu wa kutia mkono, kwa sababu maji yakitoka yatavuta vidole, na mtu huyo atapiga kelele, "Hapa!"

"Mtu gani?" nikauliza.

"Nani anataka kuandikwa fundi?"

Nikaingia. Waliniziba, Zakayo upande wa kulia, Obadia upande wa kushoto, kila mmoja na brashi yake, wanapiga mluzi. Niliwaona kupitia kioo wakienda na kurudi kama watu wanaopaka chokaa nyumba ya harusi. Walimaliza, Zakayo akapenyeza mpira kwenye kidirisha, akapiga mkono hewani, na Obadia akafungua.

Maji ya Nakuru ya asubuhi ni baridi. Yalifika kwenye vifundo vya miguu, nikatia mkono huku na huku. Hakuna kinachovuta. Yakafika magotini. Chini ya kiti zikaanza kuelea punje za ngano, glavu moja ya memsabu, na mfupa wa mbwa. Kiti, kilichojazwa manyoya ya farasi, kikalegea na kutoa harufu ya farasi. Gari yenyewe ilianza kushuka polepole juu ya springi zake kama kuku anayeatamia, na magurudumu yakapanuka kwa chini.

"Unasikia kitu?" Zakayo alipiga kelele.

"Nasikia baridi!"

Akalala chini kwa tumbo, akatazama uvunguni. Nilisikia sauti yake kutoka chini ya miguu yangu. "Kavu! Nathani, kavu kabisa! Hata jasho hakuna!"

Jamani, alifurahi. Alitoka uvunguni amefunua meno yote, akaacha kila kitu, akakimbia ofisini kumwita Bwana. Na mimi nikabaki na Obadia.

"Obadia!" nikamwita. "Funga maji!"

Akanitazama. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, mkono uko juu ya mfereji.

"Zakayo ameniambia nifungue," akasema. "Kufunga hajaniambia."

"Yananifika tumboni!"

"Naona."

"Basi vuta mpira!"

"Mpira ni wa foreman."

Msifikiri alikuwa mtu mbaya. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amefunga maji bila kuambiwa, akakatwa mshahara wa siku. Alikuwa amejifunza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kila mtu pale alikuwa amejifunza kitu.

Ofisini, Zakayo alimkuta Bwana na mgeni. Memsabu alikuwa amefika mapema. Foreman hakatizi wazungu wakizungumza, kwa hiyo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akingoja wamalize habari ya bei ya ngano. Maji hayakungoja. Yalipita tumbo. Niligonga kioo kwa ngumi, lakini ngumi ndani ya maji haina nguvu, ni kama kupiga mtu katika ndoto. Nilianza kuimba wimbo wa kanisani. Obadia, kwa heshima, akavua kofia.

Ndipo walipokuja, na ndipo Bwana Kabuti alipouliza lile swali lake la kiti na overoli.

Memsabu alikuwa ameshika mbwa. "Hii mtu," akauliza, "nafanya nini ndani ya gari yangu?"

Na hapa, vijana, ndipo nilipomsikia Zakayo, mtu niliyekula naye ugali sahani moja. Bwana alimgeukia kwa uso ule mwekundu, na Zakayo akaona shimo limefunguka mbele yake, akanisukuma mimi ndani.

"Alijiingiza mwenyewe, Bwana," akasema. "Nilimkataza."

Nilichukua chuma cha kufungulia magurudumu kilichokuwa karibu na miguu yangu nivunje kioo. Bwana akapaza sauti. "Hapana vunja! Hii glasi natoka Ulaya!" Nikakiteremsha. Mnaniuliza kwa nini nilikiteremsha? Hata Rispa ameniuliza. Nilikuwa nimefundishwa kuheshimu vioo.

Basi Zakayo akachukua patasi, akaanza kukwangua lami yake mwenyewe mlangoni, mimi nikiwa nimeinua kidevu. Obadia alikuwa ameambiwa afunge, akafunga mara moja. Lami ilipoachia, mlango ulifunguka wenyewe kwa nguvu, na mto mzima ukatoka, na mimi ndani yake. Nilipita katikati ya miguu ya Zakayo nikakomea kwenye viatu vya Bwana Kabuti. Viatu vikajaa. Koti lake likalowa mpaka kiunoni. Mbwa alikuja akanywa kidogo.

Memsabu alichungulia uvunguni, akaona udongo mkavu isipokuwa pale nilipopitia mimi. Akafikiri. "Vizuri," akasema. "Hapana vuja." Akataka kioo kioshwe, kiti kikaushwe, na Jumatatu akaichukua gari yake.

Gari, mnaona, ilikuwa imefaulu mtihani. Ni mimi niliyeanguka.

Kesi yangu ilisikilizwa mchana ule ule ofisini. Nilikuwa nimesimama natetemeka, meno yanagongana, nimefanya dimbwi kwenye sakafu ya karani. Zakayo akarudia: alijiingiza, nilimkataza. Obadia akasema, "Mimi nilikuwa mferejini, sikuona." Karani wetu, Elikana, mtu mnene msafi, alikuwa ameona yote kutoka dirishani huku akila mahindi, lakini hakuulizwa, na Elikana hakujibu asichoulizwa. Bwana akaniuliza, "Wewe likuwa ndani?" Nikasema, "Ndiyo Bwana, nilikuwa ndani." Ikawa nimekiri.

Elikana akapiga chapa barua yangu ya kuachishwa. Alinisomea kabla ya kunipa, kwa sababu mimi shule niliiacha darasa la pili. Ilisema: *Ni mtu mwaminifu, halewi, anakuja mapema. Hujaza magari maji.*

"Elikana," nikasema, "ondoa hayo ya mwisho."

"Bwana ametia sahihi tayari."

"Lakini si kweli."

"Nathani, ulikuwa ndani ama hukuwa ndani?"

Jumapili nilimpandisha Rispa gari moshi kwenda kwetu Butere, na mimba yake na kikapu. Hapakuwa na kona tena ya kumficha, hata ile ya surua.

Kila gereji niliyoenda, walisoma barua. Njoro, Molo, Elburgon. Wote waliisoma ikitiririka vizuri mpaka mstari wa mwisho, halafu wakanyanyua macho. "Kwa nini unajaza magari maji?" Na mimi nikaanza kueleza habari ya sufuria, na lami, na mbwa. Jaribuni kueleza mambo haya mbele ya mtu mwenye kazi ya kutoa. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimerukwa. Mmoja wa Elburgon, wakati naendelea kusema, alisogea taratibu akasimama kati yangu na mfereji.

Nilichimba mitaro. Nilikausha pareto. Nilifanya kazi za mkono kwa miaka karibu sita. Niliporudi kwetu mara ya kwanza, mtoto aliyezaliwa nyuma yangu alikuwa anakimbia. Alinitazama nikila, akamuuliza mama yake, "Huyu mgeni ataenda lini?"

Aliyeniokoa ni kalasinga mmoja wa Gilgil, fundi mzee tuliyemwita Babu Mistri. Alisoma barua yangu, akacheka mpaka kilemba kikalegea, akanipa spana. Akasema mtu aliyekaa ndani ya maji lazima anajua maji kidogo.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi nawapa bure. Kwanza kausha gari kabisa, kapeti nje, siku nzima juani. Pili nyunyiza unga wa ngano kavu kwenye kila mshono kwa ndani. Tatu, mtu mmoja nje na kopo la kumwagilia mboga, si mpira, kopo, na anamwagia kuanzia chini akipanda juu, mahali pamoja kwa muda, bila haraka. Wewe uko ndani na tochi, *na vishikio viko mahali pake*, unaangalia unga. Mahali unga unapolowa kwanza, hapo pana mlango. Usiamini dimbwi. Maji huingia juu ya kichwa chako, hutembea kwenye bati kimya kimya, na hukuonyesha uso wake miguuni. Na usizibe kutoka ndani. Utayafungia tu yaozeshe bati.

Siku moja ililetwa gari ndogo ya aina ile ile. Nilikataa kuikaribia. Babu Mistri akafungua boneti, akanionyesha lile tundu la hewa lililo mbele ya kioo. Chini yake pana kimpira cha kutolea maji, kinene kama kidole. Kilikuwa kimezibwa na majani ya mkaratusi, na mvua ikikosa njia hapo humwagikia ndani. Akakivuta, akakipuliza, akakirudisha. Robo saa. Hata chai yake haikupoa.

Nilikaa chini. Tundu lile liko juu ya dashibodi. Wangenijaza maji mpaka puani, wasingelifikia.

Nimeyakubali mengi. Nimekubali baridi, mitaro, magoti haya. Lakini juzi kwenye harusi huko Njoro nilisimuliwa kwamba Zakayo, ambaye sasa ana duka na ni mzee wa kanisa, huwachekesha wageni na habari ya mpumbavu wa Nakuru aliyejifungia ndani ya gari akajijaza maji. Watu wanashika mbavu. Nami jina langu analitaja.

Kwa hiyo nauliza sasa, mbele yenu. Ni swali ambalo halikuulizwa ofisini siku ile, na mimi mwenyewe lilinijia nikiwa nimeshapita Rongai kwa miguu, nikageuka, nikarudi mpaka getini, wakakataa kunifungulia. Zakayo, lami ile ilikuwa nje ya milango. Kulia na kushoto, mistari miwili ya brashi, iliyopigwa na watu wawili. Mimi nilikuwa ndani. Niliipakaje?

Jibu, Zakayo. Obadia, uko hai, nimeambiwa uko Subukia: jibu. Elikana, wewe uliyeona yote na mahindi mdomoni, njoo na mashine yako upige chapa mstari mwingine. Na mkija msinijibu mimi. Mjibuni Rispa. Yuko hapa jikoni, ameacha kupika, anasikiliza.